Filimbi ya bomba la maji

Wanafunzi wangu wa muziki hupiga filimbi za bomba la plastiki la nusu inchi, vile vipande vinavyobaki fundi bomba akimaliza kazi. Chukua kipande kipya, kilichonyooka.

Kata sentimita 40. Ziba ncha moja kwa kizibo kinachobana kabisa, kisha toboa tundu la kupulizia la milimita 10, katikati yake iwe sentimita 1.5 kutoka kizibo kinapoishia ndani. Tumia drili au ncha ya kisu. Tafadhali usichome kwa msumari wa moto: moshi wa plastiki hii ni sumu, na watoto huinamia kazi yao.

Tundu hili ndilo roho ya filimbi. Ondoa nyuzinyuzi zote, lakini ukingo unaopokea pumzi ubaki mkali. Ukiupiga msasa ukawa mviringo, utasikia upepo mtupu.

Puliza sasa, kabla ya matundu ya vidole. Punguza ncha ya chini kidogo kidogo, sauti itapanda. Ikifika unapoitaka, acha: hiyo ndiyo do yako, noti ya chini kabisa.

Matundu ya vidole ni sita. Anzia chini, sentimita 6 hivi kutoka mwisho, toboa milimita 5, puliza. Re ikiwa chini, panua kwa tupa ya mviringo. Nenda taratibu, maana tundu halipungui. Mi ifuate sentimita 3 juu, fa iikaribie zaidi kwa kuwa kutoka mi hadi fa sauti hupanda nusu hatua tu. Sol, la na si zitafute kwa sikio.