Gemu mpya kwenye Commodore 64

Kompyuta ya nyumbani ya 1982, kumbukumbu kilobaiti 64, na bado yatungiwa gemu! Sam's Journey ilitoka 2017, nayo ni tamu wallahi.

Huna mashine? Weka VICE, programu ya kuiga Commodore 64, kwenye laptopu, ni bure. Pakua faili la .d64, ndiyo nakala ya diski nzima, uliambatishe kwenye drivu namba 8. Andika LOAD"*",8,1, bonyeza RETURN, kisha RUN. Gemu nyingine huanza zenyewe.

Wengi hukwama hapa: kwenye mipangilio chagua PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya, si NTSC, ule wa Marekani. Demo, yaani programu za kuonyesha ufundi wa picha na muziki, nyingi zatungwa Ulaya kwa hezi 50. Ukikosea, muziki waenda mbio na picha yavurugika.

Wenye mashine yenyewe, hewa ya chumvi hapa Kibokoni haina huruma. Kabla ya kuchomeka katriji ya gemu, sugua meno yake kwa pamba yenye spiriti, uyaache yakauke, na umeme uwe umezimwa. SD2IEC, kifaa cha kadi ya SD kinachoshika nafasi ya drivu ya diski, yatosha kwa gemu za faili moja. Demo kubwa zataka drivu ya diski ya Commodore 1541 hasa, kwani nyingi hutumia prosesa iliyomo ndani yake.