Somo: Kutunza matumbawe hai kwenye tangi la nyumbani, hatua kwa hatua (na majibu ya maswali yenu)

Habari zenu wadau. Nimeulizwa sana pembeni kuhusu hili jambo nikaona bora nilimwage hapa lote. Mimi nafuga matumbawe hapa Uingereza, tangi la lita 200 lipo sebuleni, na kabla ya hatua zenyewe naomba mshike hili: tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake anaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, ule mwani unapata mwanga unatengeneza sukari na tumbawe linakula humo humo. Maji yakipata joto kupita kiasi au yakibadilika ghafla tumbawe linautoa ule mwani, linabaki jeupe, na likikaa hivo muda mrefu linakufa kwa njaa. Mwaka 1998 miamba yetu ya Kenya na Tanzania ilipata hayo, El Niño ikapasha bahari na matumbawe mengi sana yakawa meupe yakafa. Sasa kama bahari nzima ilizidiwa, fikiria lita 200.

Hatua ya 1, maji. Ya bomba usitie kabisa, yana klorini, yana fosfeti, na yakipita kwenye mabomba ya shaba ndo balaa zaidi maana shaba inaua matumbawe na konokono hata ikiwa kidogo tu. Tumia maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kwenye utando mwembamba unaochuja karibu kila kitu, yaliyopitishwa tena kwenye kichujio cha DI kinachonasa madini yaliyobaki, kipimo cha TDS (vitu vilivyoyeyuka majini) kisome 0. Koroga na chumvi ya akwariamu, sio ya jikoni, pima kwa refraktomita (kifaa cha kupima chumvi ya maji) upate 1.025 au 1.026, huo ni uzito wa maji ya chumvi ukilinganisha na maji matupu. Joto nyuzi 25 hivi.

Hatua ya 2, subira. Weka mawe na maji, subiri bakteria wajijenge wageuze amonia kuwa naitraiti kisha naitreti, inachukua wiki 4 mpaka 6 na mara nyingine zaidi. Mimi huwa naacha miezi mitatu ndo naweka tumbawe la kwanza.

Hatua ya 3, mwanga na mkondo. Taa ya LED ya bluu kwa nyeupe, masaa 8 mpaka 10, anza nayo chini halafu uipandishe polepole kwa wiki kadhaa. Pampu ya mawimbi isilipige tumbawe moja kwa moja, ukiona mikono yake inayumba taratibu inatosha.

Hatua ya 4, kuliingiza. Anza na yaliyo rahisi, zoa (vijitumbawe vidogo kama maua vinavyokaa kwa makundi) au Sarcophyton (tumbawe laini lenye umbo la uyoga), hizo Acropora za rangi rangi, matumbawe ya mawe yenye matawi, ziache mpaka mwaka upite. Kila kipande kipya kioshe kwanza kwenye dawa ya kutoa wadudu. Na zoa tafadhali vaa glavu na miwani, zile zina sumu kali inaitwa palitoksini, jiwe lenye zoa usilichemshe wala usilimwagie maji ya moto, mvuke wake umeshalaza watu hospitali.

Hatua ya 5, maji yanayopungua. Hapa ndo wengi mnapotelea. Maji yakipungua kwa mvuke chumvi haiondoki na mvuke, inabaki, kwa hiyo unachorudishia ni maji matupu ya RO, SIO maji ya chumvi. Piga hesabu, tangi la lita 200 likipoteza lita 20 bila kujaziwa, chumvi inatoka gramu 35 kwa kilo ya maji (ndo ile 1.026) inakwenda karibu 39, halafu unakuja kumwaga ndoo nzima mara moja inashuka tena, lile tumbawe limepigwa mara mbili kwa wiki moja. Jaza kila siku kidogo kidogo, au nunua ile pampu yenye kihisi inayojaza yenyewe. Mimi nimebandika mstari wa selotepu kwenye kioo, kila asubuhi kabla ya chai naangalia maji yapo mstarini au la.

Hatua ya 6, alkali. Matumbawe ya mawe yanajenga mifupa kwa kalisi na alkali, kwa hiyo yanavila kila siku. Kalisi iwe miligramu 400 mpaka 450 kwa lita, alkali 8 au 9 dKH (dKH ni kipimo cha alkali ya maji), na ukichagua 8 baki na 8. Mwaka wangu wa pili nilipima nikakuta 6.5, nikashtuka nikapandisha mpaka 9 siku hiyo hiyo, baada ya siku mbili ncha za tumbawe langu kubwa zikaanza kuchunika nyama, mfupa mweupe nje, sikuweza kuliokoa. Iliniuma sana. Bikaboneti ya soda gramu 3 zinapandisha lita 100 kwa dKH 1, usizidishe hapo kwa siku moja, na iyeyushe kwanza kwenye maji ya RO umimine taratibu penye mkondo.

Maji badilisha asilimia 10 kila wiki.

MASWALI

Mdau wa Muscat: Kaka huku joto, maji yanafika nyuzi 30, nitie barafu?
Jibu: Barafu hapana kaka, itashusha ghafla. Weka feni ipulize juu ya maji, inashusha nyuzi 2 au 3, ila mvuke utaongezeka kwa hiyo rudi hatua ya 5. Isipotosha tafuta chila, mashine ya kupoza maji.

Mdau wa Dar: Samahani kaka, nikienda Mbudya siwezi kuokota kipande kidogo tu?
Jibu: Hapana dada yangu. Mbudya ni hifadhi ya bahari, na matumbawe yote ya mawe yapo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata kuyavusha mpaka kunataka kibali. Tafuta mfugaji akukatie kipande kutoka kwenye tangi lake, hilo limeshazoea maisha ya kioo.

Mdau wa Mombasa: Umeme ukikatika masaa sita je?
Jibu: Taa usiwe na wasiwasi nayo, giza la siku moja wanalivumilia. Hofia hewa. Weka pampu ndogo ya hewa ya betri, maji yakiendelea kutembea mko salama.

Mdau wa Dar tena: Sarcophyton yangu imejifunga siku ya nne, inang'aa kama imepakwa nta, inakufa?
Jibu: Inajichuna ngozi hiyo, ni kawaida yao. Usiiguse wala usiihamishe, elekeza mkondo kidogo upande wake ngozi itoke yenyewe. Mpe wiki mbili. Ukiona sehemu inalainika inanuka kuoza, hapo kata hiyo sehemu kwa wembe safi na unitumie picha.