Soma laini yako kabla ya kununua modemu nyingine

Laini ya simu ya shaba iliwekwa kubeba sauti ya mtu, yaani masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu. ADSL2+, aina ya intaneti inayopitia laini ya simu, inapita kwenye waya uleule mpaka megahezi 2.2. Ndiyo maana kasoro ambayo simu haikuijali kwa miaka inaangusha intaneti kila saa. Inaniuma kuona mtu anabadilisha modemu ya pili, ya tatu, na ubovu uko ukutani.

Hatua ya 1: Fungua ukurasa wa hali ya laini ndani ya modemu. Unatafuta namba tatu, nazo hazisemi kitu kimoja.

Upotevu wa mawimbi, kwa desibeli, ni umbali na unene wa waya. Kwenye 20 laini ni nzuri. Ukipita 60, huduma inashika kwa taabu. Masafa ya juu ndiyo hufa kwanza, kwa hiyo aliye mbali hupata kasi ndogo hata vifaa vyake viwe vizima kabisa. Namba hii haitakiwi kuchezacheza. Ikipanda ghafla, shuku kiungo kilicholegea au kilichoingia maji.

Akiba juu ya kelele (SNR margin), yaani ziada ya nguvu ya mawimbi juu ya kiwango kinachohitajika kuishinda kelele, ndiyo inayopanda na kushuka. Mitandao mingi hulenga desibeli 6. Usishangae ikipungua usiku: redio za masafa ya kati husafiri mbali zaidi giza likiingia, na zinatumia masafa yaleyale ya ADSL.

Ya tatu ni makosa ya CRC, yaani hesabu ya data iliyofika ikiwa imeharibika. Angalia yanaongezeka kwa kasi gani. Jumla peke yake haikwambii kitu.

Hatua ya 2: Hamisha modemu kwenye soketi ya kwanza, pale laini inapoingilia jengo. Chomoa kila kitu kingine, tumia waya mfupi, usome upya. Namba zikipona, ubovu ni wa ndani.

Hatua ya 3: Tafuta matawi. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Waya ulioachwa ukielekea chumba kisichotumika, bila kitu mwishoni, hurudisha mawimbi nyuma, na yanaporudi yanafuta yale yanayokuja. Katika ofisi moja grafu ya chaneli za modemu (vipande vidogo ambavyo ADSL2+ hugawa masafa yake) ilikuwa na shimo karibu na chaneli ya 290 kati ya 512. Kila chaneli ina upana wa kilohezi 4.3125, kwa hiyo shimo lilikuwa karibu megahezi 1.25. Mawimbi ndani ya waya hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Tawi hufuta hasa wimbi ambalo robo ya urefu wake ni sawa na urefu wa tawi lenyewe, na robo ya wimbi hilo ni mita 40. Nikaufuata waya juu ya dari mpaka stoo ya zamani, na urefu wake ulikuwa huohuo. Nilipoukata pale kwenye maungio, shimo likajifukia.

Usishike nyaya wazi kama laini bado imeunganishwa: simu inapoita, umeme wake hufika volti 90. Radi zikipiga, acha kabisa.

Hatua ya 4: Kila simu, faksi na kengele ya ulinzi iwe na filta yake, yaani kichujio kidogo kinachotenga sauti na mawimbi ya intaneti. Moja ikisahauliwa inatosha kuharibu.

Hatua ya 5: Inua simu ya waya, bonyeza tarakimu moja ili mlio ukatike, kisha sikiliza. Panatakiwa kuwa kimya. Ukisikia mikwaruzo, kuna kutu au maji mahali fulani, na hiyo ni kazi ya kampuni ya simu.

Hatua ya 6: Andika akiba na makosa asubuhi, jioni na usiku kwa siku tatu, ukitaja na mvua. Mpe fundi karatasi hiyo. Kama tatizo ni la usiku tu, omba lengo la akiba lipandishwe kutoka 6 hadi 9. Kila biti kwenye chaneli inadai takribani desibeli 3, hivyo utapoteza kama biti moja kwa kila chaneli. Kasi itapungua, lakini laini itakaa hadi asubuhi.