Jinsi ya Kupika Supu ya Makongoro, Nzito na Isiyo na Harufu

Mahitaji: makongoro ya ng'ombe kilo 2, maji lita 5, tangawizi kipande cha urefu wa kidole, kitunguu swaumu punje 6, pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai, chumvi, ndimu na pilipili mbuzi. Nyanya usitie. Ukitia nyanya umepika mchuzi.

1. Buchani

Chagua makongoro yaliyobabuliwa kwa moto na kung'olewa kwato. Yakatwe kwa msumeno, maana shoka hupasua mfupa ukaacha vijichembe ambavyo utavigundua kwa jino.

2. Kukwangua

Washa mkaa, babua tena kila kipande, kisha kwangua kwa kisu mpaka ngozi iwe laini. Usinyoe kwa wembe: wembe hukata nywele juu, mashina yakabaki ndani ya ngozi. Chunguza hasa katikati ya vidole. Uchafu na nywele hujificha pale, na harufu ambayo watu huilaumu supu nzima mara nyingi hutoka hapo.

3. Maji ya kwanza

Chemsha dakika 10, mwaga, osha vipande na sufuria pia.

4. Moto

Hapa ndipo supu nyingi huharibikia.

Tumia sufuria nzito. Panga mifupa chini, vipande vyenye ngozi juu. Ngozi ikigusa chini hunata na kuungua, na harufu ya kuungua haiondoki hata ukihamishia supu sufuria nyingine. Tia lita 5 za maji baridi. Maji yakipashwa polepole, uchafu uliobaki huganda mabonge na kupanda juu kama povu. Liengue kwa upawa mpaka likome, kama dakika 20 hivi.

Kisha punguza moto: viputo vichache tu vitokee pembeni, uso wa supu usitikisike. Ikichemka kwa fujo, mafuta hupigwapigwa yakachanganyika na maji, supu ikawa na rangi ya maji ya kuoshea mchele na kuacha utando mdomoni. Kwa jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu. Kwa gesi, moto mdogo kabisa, mfuniko uachwe wazi kidogo.

Hesabu masaa manne. Kila nusu saa tikisa sufuria kwa kuishika masikio. Usikoroge kwa mwiko, utavunja vipande. Maji yakishuka chini ya nyama, ongeza yaliyochemka, si ya bombani, kwa sababu ya baridi hukatiza mchemko na kano huchelewa kulainika. Kano zikianza kuachia mfupa, chovya vidole viwili kwenye supu iliyopoa kijikoni: vikinatana, imeiva.

Presha kuka hufanya kazi hiyo kwa saa moja na robo. Inafaa ukiwa na haraka, ila huwezi kuengua povu katikati, kwa hiyo liengue lote kabla ya kufunga.

5. Viungo

Tangawizi na swaumu zilizopondwa, pamoja na pilipili manga, ziingie dakika 45 za mwisho. Zikiingia mapema hupoteza harufu. Chumvi mwisho kabisa, maji yakishapungua. Ukikoleza mwanzoni, saa ya nne itakuwa chumvi tupu. Vile vidonge vya kuongeza ladha havina kazi hapa, na unga wa ngano wa kuifanya supu nzito ni udanganyifu.

6. Mezani

Ndimu ikamuliwe bakulini, kamwe si sufuriani, kwani ikichemka huwa chungu. Pilipili kando, chapati au ndizi za kuchemsha.

Iliyobaki ipooze haraka, tia kwenye friji siku hiyohiyo, itumike ndani ya siku 3. Asubuhi utaikuta imeganda kama jeli. Toa mafuta ya juu kwa kijiko, pasha kiasi cha mlo mmoja tu mpaka kichemke.