Kufukua merikebu iliyozama: pima kabla hujagusa mchanga

Santo António de Tanná, merikebu ya kivita ya Wareno, ilizama Mombasa mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Mabaki yake yaligunduliwa na wapiga mbizi wa kujifurahisha. Ufukuaji wenyewe, 1977 hadi 1980, uliongozwa na wanaakiolojia wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mgawanyo huo wa kazi bado ni sahihi: asiye mtaalamu anaweza kutafuta, kupima na kushika bomba la kunyonya mchanga, lakini chini ya mtaalamu mwenye kibali. Bila kibali, usiondoe hata kigae.

Panga kazi siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo. Kwenye bamvua mkondo hutimua tope na kuipinda tepu. Kwa kina cha mita 18, jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, linaruhusu dakika 56 kwa mbizi ya kwanza, panga 40. Anayefukua huinamia shimo, akasahau geji ya hewa na kina.

Kabla ya kufukua chochote, zungushia eneo nondo nne au zaidi, zilizopigwa mchangani nje ya mabaki hadi zisitikisike. Usipigilie kitu kwenye mataruma (mbavu za merikebu) wala mkuku (uti wake wa chini). Pima umbali kati ya kila nondo na nyingine, pamoja na kina cha kila moja. Baada ya hapo, kila kitu kinachoonekana, kiwe mzinga, nanga au rundo la farumi (mawe ya kutuliza chombo), kinapimwa kutoka nondo tatu. Mbili zingetosha kwa hesabu, ila ya tatu ndiyo inayokuumbua ukisoma 6.40 mahali pa 4.60, na chini ya maji kosa hilo hutokea kila siku. Tumia tepu ya nyuzi za plastiki, ivutwe ikaze; ikizidi mita 20 mkondo huifanya upinde na kipimo huongezeka. Andika kwa penseli kwenye kibao, na uhamishe vipimo daftarini siku hiyo hiyo.

Sasa bomba la kunyonya. Bomba la PVC la milimita 110 linatosha. Hewa ya kompresa iingie karibu na mdomo wa chini, na valvu ikae pale mkono unapofika bila kutafuta. Hewa inayopanda ndiyo inayovuta maji na mchanga, kwa hiyo kwenye kina kisichozidi mita tano hivi bomba huwa dhaifu; huko tumia pampu ya maji. Lifunge kwenye uzito mzito. Mdomo ukiziba, bomba hujaa hewa na kufyatuka juu, na aliyelishika hupanda nalo; hapo funga valvu kwanza, jiwe litolewe baadaye. Wala bomba si jembe: liweke sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, upepee mchanga kwa kiganja hadi uvutwe wenyewe. Funga wavu upande wa kutokea, mkondo unakoelekea. Wavu ukinasa shanga au vigae, ujue unafukua mbio mno.

Ondoa tabaka kwa tabaka ndani ya fremu ya mita moja kwa moja. Chora na piga picha kila tabaka kabla ya linalofuata. Donge la kutu usiligonge nyundo: mara nyingi chuma chenyewe kimekwisha kuoza na kilichobaki ni umbo lake ndani, ambalo eksirei italisoma.

Usiinue kitu kama pipa lake la maji haliko tayari. Mbao zilizolowa karne tatu zikikauka hunywea na kupasuka, na hakuna kuzirudisha. Vyombo vya udongo huhamishwa polepole kutoka maji ya chumvi kwenda maji baridi yasiyo na chumvi, yakibadilishwa tena na tena, la sivyo chumvi hugeuka fuwele na kubandua rangi yake ya kioo. Chuma kikae kwenye sodiamu kaboneti, gramu 50 kwa lita ya maji. Kiunzi cha Santo António kiliachwa baharini na kufukiwa tena, kwa kuwa kukihifadhi nchi kavu kungegharimu mno. Nanyi mkimaliza kupima, rudisheni mchanga, mpange viroba vya mchanga juu ya mbao zilizo wazi, na mrudi baada ya msimu wa kusi kuangalia kama mawimbi hayajavifunua.