Sufle ya chizi kwa anayeanza

Sufle, chakula cha mayai kinachoumuka kwenye oveni, inaogopesha watu bure, ukiiangalia vizuri ni sosi nzito ya maziwa na ute wa yai uliopigwa, basi. Washa oveni mapema nyuzi 190, paka siagi bakuli la oveni la kama lita 1.5 lenye kuta zilizonyooka. Yeyusha siagi gramu 40, tia unga wa ngano gramu 40, koroga dakika moja hivi usibadilike rangi, ndo umimine maziwa ya moto mililita 300 kidogokidogo mpaka iwe nzito. Epua, weka viini 4, chizi iliyokunwa gramu 100 (Wafaransa hupenda Gruyère ila cheddar nayo freshi tu), chumvi, kungumanga.

Kazi yenyewe iko kwenye ute. Bakuli liwe kavu, na kiini kikidondokea humo hata tone, tafuta yai lingine manake mafuta yanazuia povu. Piga mpaka ukiinua mchapo ncha inasimama halafu inajikunja kidogo, ukizidisha inakuwa mabongemabonge. Robo ya povu changanya kwenye sosi ilegee, iliyobaki ingiza taratibu kwa mwiko mpana ukitokea chini kwenda juu, na michirizi myeupe ikibaki achana nayo.

Oka dakika 25 hadi 30, na jamani mlango usifunguliwe dakika 20 za kwanza! Ikitoka itaanza kushuka hapohapo, ni hewa tu inapoa, kwa hiyo watu wawe washakaa mezani.