Somo: Matangazo ya chuo kabla ya kufungwa Desemba (kwa mnaofanya kazi vyuoni Marekani)

Novemba ikikaribia kuisha, barua pepe za chuo humiminika: kwaya inaimba, maktaba imebadili saa, mkuu wa chuo anatutakia heri. Nyingi zipite tu. Ila vyuo vingi vya hapa hufungwa kati ya Krismasi na mwaka mpya, na tangazo lenye uzito huwa limejificha katikati ya salamu hizo.

1. Anza na tangazo la ofisi ya mishahara. Kwa anayelipwa kwa saa, siku ya mwisho ya kuwasilisha saa zake mara nyingi huwahishwa, pengine ukatakiwa kujaza na saa ambazo hujazifanya bado. Ukichelewa, pesa zako zitangoja Januari, na simu hapokei mtu. Hapo hapo angalia siku zipi zinalipwa kama sikukuu na zipi zinakatwa kwenye likizo yako. Usikisie, kila chuo kina utaratibu wake.

2. Kama umehama, sahihisha anwani. Mwisho wa mwajiri kutoa fomu ya W-2 (inayoonyesha mshahara wako na kodi uliyokatwa mwaka mzima) ni 31 Januari.

3. Ofisi. Majengo yakiwa matupu joto hupunguzwa. Funga dirisha mpaka komeo liingie. Sisi wa pwani tunaona dirisha wazi kidogo ni hewa safi; huku maji yakiganda bombani hutanuka kwa karibu asilimia 9, bomba linapasuka, na mafuriko huja barafu ikiyeyuka, wakati hakuna mtu jengoni. Chomoa hita na birika. Friza ya maabara usiiguse! Zile za nyuzi 80 chini ya sifuri, bandika mlangoni simu za watu wawili watakaokuwa mjini.

4. Mnaokwenda nyumbani. Mwenye viza ya J-1 (ya wageni wa programu za kubadilishana), hakikisha saini ya safari kwenye DS-2019, ile fomu ya programu yako, haijapitisha mwaka. Anayehitaji viza mpya ajue ubalozi wa Marekani hufunga sikukuu za kwao na za nchi uliyomo: Dar kuna 9 Desemba, Nairobi 12 Desemba, kote 25 na 26, halafu mwaka mpya, na Tanzania tena 12 Januari. Mwezi wote unaliwa. Mimi nisingeondoka bila miadi mkononi.

5. Huu ndio msimu wa matapeli. Ukipata ujumbe wa "mkuu wa idara" akiuliza kama upo, kisha anaomba umnunulie kadi za zawadi na umtumie namba za kadi hizo, mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua.

MASWALI

Nafanya usafi. Nimeambiwa nije kuondoa theluji tarehe 26. Nitalipwa mara mbili?
Sheria ya shirikisho hailazimishi nyongeza kwa sababu tu ni sikukuu. Inachodai ni mara moja na nusu kwa saa zinazozidi 40 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni mkataba wa chama chenu cha wafanyakazi au sera ya chuo. Usome kabla hujaitikia.

Mwaka jana idara ilitupa bata mzinga, mwaka huu kadi ya zawadi ya dola 50. Mbona kadi imekatwa kodi?
Kodi inaihesabu kadi kama fedha taslimu, hata ikiwa ndogo. Bata ni zawadi ndogo, anasamehewa. Waambieni warudishe bata.

Naweza kubaki Mombasa wiki mbili zaidi nikifanya kazi kwa kompyuta ya chuo?
Omba ruhusa ya maandishi kabla ya kusafiri, dada. Kuna mambo ya kodi na usalama wa data, na kwa watu wa maabara, kuna teknolojia isiyoruhusiwa kutoka nchini bila kibali.

Shikamoo mwalimu. Nimekumbuka birika nimeliacha limechomekwa na jengo limeshafungwa!
Marahaba. Wapigie walinzi wa chuo sasa hivi, hao hawafungi. Wape namba ya chumba.